Fonti nzito za vichwa vya habari: jinsi ya kuchagua inayosomeka hata kwenye simu ndogo

Msomaji wa simu hana subira. Anapandisha ukurasa kwa kidole gumba, anapita kichwa cha kwanza, cha pili, cha tatu, halafu mahali fulani anasimama. Kinachomsimamisha ni maneno. Lakini ili maneno hayo yamfikie kabla kidole hakijapita, herufi zenyewe lazima zionekane mara moja.

Ndiyo maana tovuti nyingi huvika vichwa vyao fonti nzito. Tatizo ni kwamba fonti hiyohiyo ikichaguliwa vibaya inafanya kinyume: kichwa kinajaa skrini nzima, herufi zinagandana, ukurasa unachelewa kufunguka na bando la msomaji linaliwa bure.

Mwongozo huu ni wa mtu yeyote mwenye tovuti ya Kiswahili, iwe ya habari, ya shule, ya duka au ya kikundi. Huhitaji kuwa mbunifu. Unahitaji kujua mambo machache na kuyapima kwenye simu.

Fonti ya kichwa ni ipi?

Kuna fonti zilizotengenezwa kwa ajili ya kusoma aya ndefu, na kuna fonti zilizotengenezwa kwa ajili ya maneno machache yaliyoandikwa kwa ukubwa. Hizi za pili ndizo tunazozungumzia.

Asili yake ni mabango. Mwanzoni mwa karne ya 19 jijini London, wachapaji walianza kunenepesha herufi ili matangazo ya ukutani yavute macho barabarani. Mwaka 1816 William Caslon IV alionyesha herufi za chapa zisizo na vikanyagio miishoni, yaani zisizo na serifu. Mwaka 1827 Darius Wells wa New York alipata njia ya kuchonga herufi za mbao kwa mashine, na mabango makubwa yakawa rahisi zaidi kuchapwa.

Nasi tuna mfano wetu, tena wa karibu: kanga. Jina la kanga huandikwa kwa herufi kubwa, mara nyingi nene, ili lisomeke mvaaji akiwa anapita. Lakini angalia, jina hilo huwa na maneno machache tu. Hakuna anayeandika barua nzima kwenye kanga.

Kanuni ya kwanza ni hiyohiyo. Fonti nzito ni ya kichwa. Aya ziachie fonti tulivu. Ukiandika aya nzima kwa herufi nene, matundu ya ndani ya herufi kama a, e na o huziba, na jicho linachoka kabla ya mstari wa tatu.

Anza na upana kabla ya urembo

Watu wengi huchagua fonti kwa kuangalia neno moja la Kiingereza kwenye kompyuta yenye skrini pana. Hapo ndipo wanapokosea, kwa sababu Kiswahili kina maneno marefu. Kitenzi kimoja kinabeba nafsi, wakati na mtendwa kwa pamoja. "Wafanyabiashara" lina herufi 15. "Watakaochaguliwa" lina 16.

Sasa piga hesabu. Simu nyingi za Android zina upana wa takriban pikseli 360 kwa vipimo vya ukurasa wa wavuti. Ukiacha pikseli 16 kila upande, unabaki na 328. Kwa ukubwa wa pikseli 36, fonti nyembamba kama Anton inaweza kuweka karibu herufi 20 kwenye mstari mmoja. Fonti pana kama Archivo Black inaweka kama 14 au 15. Maana yake "Wafanyabiashara" pekee linaujaza mstari, au hata kuupita na kukatika ovyo.

Isitoshe, maneno yetu mengi huanza na M na W, ambazo ndizo herufi pana kuliko zote. Mwenyekiti, Mwanza, Wananchi, Wanawake: yote hula nafasi tangu herufi ya kwanza.

Kwa hiyo kama vichwa vyako ni virefu, fonti nene lakini nyembamba kwa upana, ile iliyobanwa pembeni, itakufaa zaidi. Fonti pana ziweke kwa vichwa vya neno moja au mawili, kama majina ya safu: Michezo, Afya, Biashara.

Fonti nane za bure na kazi zake

Hizi zote zinapatikana Google Fonts na zina leseni inayoruhusu matumizi ya biashara.

- Anton ya Vernon Adams. Ndefu, nene, imebanwa. Inafaa habari motomoto na michezo. Ina uzito mmoja tu.
- Bebas Neue ya Ryoichi Tsunekawa. Imebanwa, ina herufi kubwa tu. Hata ukiandika herufi ndogo, zinatoka kubwa. Nzuri kwa mabango na namba, si nzuri kwa vichwa virefu.
- Oswald, nayo ya Vernon Adams. Imebanwa kiasi, ina uzito kuanzia 200 hadi 700. Kama hujui uanzie wapi, anza hapa.
- Archivo Black ya Omnibus-Type, Argentina. Pana na imara. Inafaa vichwa vifupi.
- Montserrat ya Julieta Ulanovsky, aliyevutiwa na mabango ya zamani ya mtaa wa Montserrat, Buenos Aires. Uzito 100 hadi 900. Ni pana, kwa hiyo ipunguze ukubwa kwenye simu.
- Playfair Display ya Claus Eggers Sørensen. Ina serifu, uzito 400 hadi 900. Inapendeza kwa makala, utamaduni na mitindo.
- Abril Fatface ya TypeTogether. Nene sana mahali, nyembamba sana mahali pengine, kama yale mabango ya kale ya London. Uzito mmoja.
- Alfa Slab One. Ina serifu nene kama matofali. Neno moja au mawili, basi. Uzito mmoja.

Angalizo kuhusu Playfair na Abril: ile mistari myembamba hupotea kwenye skrini hafifu ukiandika kwa ukubwa mdogo. Usizitumie chini ya pikseli 24.

Na Impact je?

Impact ilibuniwa na Geoffrey Lee na kutolewa mwaka 1965 na kampuni ya Stephenson Blake ya Sheffield, Uingereza. Microsoft iliiweka kwenye kifurushi chake cha fonti za wavuti mwaka 1996, na baadaye ikawa ndiyo fonti ya picha za utani mitandaoni.

Watu huipenda kwa sababu iko tayari kwenye kompyuta zao. Lakini simu za Android haziji nayo. Ukiiandika kwenye tovuti bila kupakia faili lake, wewe utaona Impact kwenye kompyuta yako, na msomaji wako ataona fonti ya kawaida ya simu yake. Unaweza kukaa mwaka mzima bila kujua kwamba tovuti unayoiona wewe siyo wanayoiona wao. Ukitaka sura inayokaribiana nayo, chukua Anton.

Mtego wa unene wa bandia

Huu ndio mtego unaowanasa wengi, na kuuepuka ni mstari mmoja tu wa kodi.

Kwenye wavuti, uzito wa fonti huandikwa kwa namba. Kawaida ni 400, nene ni 700, nene kupindukia ni 900. Na kivinjari, kisipoambiwa vingine, hukipa kila kichwa cha h1 hadi h6 uzito mnene.

Sasa Anton, Bebas Neue, Archivo Black, Abril Fatface na Alfa Slab One zina uzito mmoja tu, na uzito huo umesajiliwa kama 400, ingawa kwa macho ni nene tayari. Kivinjari kikiambiwa kionyeshe unene, kinatafuta faili la 700, hakilioni, basi kinaamua kuzinenepesha herufi chenyewe. Kinapaka wino juu ya wino. Matundu yanaziba, kingo zinavimba, na fonti nzuri inaonekana kama imechapwa kwa mashine mbovu.

Dawa yake ni kutamka uzito waziwazi:

`h1 { font-family: "Anton", sans-serif; font-weight: 400; }`

Kama unatumia WordPress au mfumo mwingine wenye vitufe, tafuta sehemu ya uzito kwenye mipangilio ya vichwa na uchague 400 au "kawaida". Usishangae kuona kichwa kimekuwa kisafi papo hapo.

Herufi kubwa tupu: zina gharama

Vichwa vyenye herufi kubwa tupu vinavutia, lakini kwa Kiswahili vina hasara mbili.

Ya kwanza ni nafasi. Herufi kubwa ni pana kuliko ndogo, na sisi tayari tuna maneno marefu.

Ya pili ni maana. Angalia kichwa hiki: KIJANA AOKOLEWA NA SIMBA. Ni mnyama au ni klabu ya Msimbazi? Kwa herufi za kawaida jibu liko wazi, maana "na simba" siyo "na Simba". Herufi kubwa tupu zinafuta tofauti hiyo. Ndivyo inavyokuwa kwa majina mengi ya watu na mahali ambayo pia ni maneno ya kawaida: Neema, Baraka, Amani, Tumaini.

Kama bado unazitaka, andika kichwa kwa herufi za kawaida kwenye mfumo wako, halafu iache tovuti izigeuze kuwa kubwa kwa amri ya `text-transform: uppercase`. Siku ukibadili mawazo, unafuta mstari mmoja badala ya kuandika upya vichwa mia tano.

Majaribio ya Kiswahili unayopaswa kufanya

Kabla hujaamua, andika maneno haya kwa fonti unayoipenda na uyaangalie kwenye simu:

- Ilala, Ilikuwa, Ilani. Kwenye fonti nyingi zisizo na serifu, I kubwa na l ndogo ni mapacha. Kiswahili kina vitenzi vingi vinavyoanza na "Ili", kwa hiyo kasoro hii utakutana nayo kila siku.
- Ng'ombe, Ng'ambo. Angalia kama ile ritifaa imekaa vizuri, haikuacha pengo kubwa wala kugusana na herufi jirani. Kuwa makini zaidi kama vichwa vyako hunukuu watu kwa alama hiyohiyo moja, maana msomaji anaweza kudhani nukuu imefungwa katikati ya neno.
- Mwamnyange, mnyama, unywaji. Hapa herufi zenye miguu mingi zimefuatana. Kwenye fonti iliyobanwa sana zinageuka ukuta. Ongeza nafasi kidogo kati ya herufi.
- Jumapili, vijiji, yanayojadiliwa. Herufi j, p, y na g huning'inia chini. Kwenye kichwa cha mistari miwili zinaweza kugonga vichwa vya herufi za mstari unaofuata. Nafasi ya mistari iwe kati ya 1.1 na 1.2.
- Sh 1,000 na 2-1. Vichwa vya bei na matokeo ya mechi hutegemea namba. Hakikisha 1 haifanani na I, na mkato unaonekana.

Na kama unaandika majina ya lugha nyingine za eneo letu, pima pia herufi zake. Kikuyu kina ĩ na ũ. Msomaji wa Kongo au Burundi atakutana na é na è za majina ya Kifaransa. Fonti nyingi za mapambo hazina herufi zote hizo. Ikikosekana, kivinjari huazima kutoka fonti nyingine, na jina la mtu linatoka na herufi moja isiyofanana na wenzake. Kwa mwenye jina hilo, jambo hili siyo dogo.

Uzito mwingine: wa faili

Kila fonti unayoongeza ni faili ambalo msomaji analipakua kwa bando lake. Faili moja la herufi za Kilatini likiwa limebanwa vizuri huwa mara nyingi kati ya kilobaiti 10 na 40. Hilo linavumilika. Lakini ukipakia uzito sita wa fonti mbili, unamtoza msomaji faili 12 kabla hajasoma neno.

Fanya hivi:

1. Tumia umbizo la WOFF2. Lilipitishwa rasmi na W3C mwaka 2018 na hubana faili kuliko WOFF ya awali kwa takriban asilimia 30.
2. Pakia uzito mmoja tu wa fonti ya kichwa.
3. Kwa aya, tumia fonti iliyomo tayari kwenye simu ya msomaji. Hiyo haipakuliwi kabisa.
4. Ukihitaji uzito mwingi, tafuta fonti ya kubadilika, ambayo faili moja hubeba uzito wote. Teknolojia hiyo ilitangazwa Septemba 2016 na Adobe, Apple, Google na Microsoft kwa pamoja.
5. Andika `font-display: swap`. Amri hii humwonyesha msomaji maneno mara moja kwa fonti ya simu yake, kisha fonti yako ikifika inachukua nafasi. Bila hiyo, kwenye mtandao unaosuasua, kichwa kinaweza kubaki hakionekani kwa hadi sekunde 3.

Huenda umesikia kwamba fonti za Google hazina gharama kwa kuwa msomaji ameshazipakua kwenye tovuti nyingine. Zamani ilikuwa hivyo. Tangu Chrome 86 ya Oktoba 2020, kila tovuti ina hifadhi yake, kwa hiyo fonti hupakuliwa upya.

Kumbuka pia wale wanaotumia Opera Mini ikiwa imewekwa kubana data kwa kiwango cha juu. Wao hawataiona fonti yako kabisa. Kichwa chako lazima kieleweke hata kikivuliwa nguo zake zote.

Rangi: usiue ulichokijenga

Fonti nene yenye rangi hafifu ni kama spika kubwa isiyo na umeme. Mwongozo wa kimataifa wa WCAG unataka tofauti ya rangi kati ya herufi na mandhari isipungue 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida, na 3 kwa 1 kwa maandishi makubwa. Makubwa maana yake pikseli 24 na kuendelea, au kama pikseli 19 yakiwa mazito.

Kijivu juu ya nyeupe kinaweza kuonekana cha kisasa ukiwa ofisini. Msomaji aliye kituo cha daladala saa saba mchana, jua la utosi, hataona kitu. Hali ni mbaya zaidi kichwa kikiwekwa juu ya picha. Weka kivuli cheusi nyuma ya maneno, au yateremshe chini ya picha.

Leseni: soma kabla ya kupakua

Neno "bure" kwenye tovuti za fonti lina maana nyingi. Fonti nyingine ni bure kwa matumizi binafsi tu. Siku ukiweka tangazo la kulipiwa au kuuza bidhaa, umeshavuka mpaka. Nyingine leseni yake inaruhusu kompyuta tu, siyo wavuti.

Iliyo salama ni ile yenye Leseni Huria ya Fonti ya SIL. Inakuruhusu kutumia kwa biashara, kubadili na kuweka kwenye seva yako. Usichoruhusiwa ni kuiuza fonti yenyewe peke yake.

Kuiweka kwenye seva yako kuna faida nyingine. Januari 2022 mahakama ya Munich, Ujerumani, iliamuru mwenye tovuti alipe fidia ya euro 100, kwa sababu kupakia fonti kutoka seva za Google kulipeleka anwani ya IP ya msomaji kwa Google bila ridhaa yake. Kama una wasomaji Ulaya, jambo hilo linakuhusu.

Kwa ufupi, weka hivi

Kama unaandika kodi mwenyewe, huu ni mwanzo mzuri:

`@font-face { font-family: "Anton"; src: url("/fonti/anton.woff2") format("woff2"); font-weight: 400; font-display: swap; }`

`h1 { font-family: "Anton", sans-serif; font-weight: 400; font-size: clamp(1.75rem, 8vw, 3rem); line-height: 1.15; overflow-wrap: break-word; }`

Sehemu ya `clamp` hufanya kichwa kipungue kwenye simu na kikue kwenye kompyuta, bila kuvuka mipaka uliyoiweka. Ya mwisho huzuia neno refu kutoboa ukingo wa skrini. Na juu kabisa ya ukurasa, tambulisha lugha kwa `lang="sw"`, ili kivinjari na programu zinazowasomea wasioona zijue kwamba haya ni maneno ya Kiswahili.

Ukimaliza, usijipime kwa kompyuta yako. Azima simu ya bei nafuu kuliko zote utakayoipata, zima Wi-Fi, punguza mwanga wa skrini, toka nje juani, kisha fungua ukurasa wako. Ukiweza kukisoma kichwa kwa mkono ulionyooshwa, na kilionekana kabla hujaanza kunung'unika, fonti hiyo ni yako. Ukikunja uso, rudi kwenye orodha ujaribu nyingine.